Everybody Loves Raymond: begi la kwenye ngazi bado lina uzito

Ukiwa na nusu saa tu, tazama "Baggage", sehemu ya msimu wa 7 wa tamthilia hii ya vichekesho ya Marekani. Ray na mkewe Debra wamerudi kutoka mapumziko ya mwisho wa wiki, na begi limeachwa kwenye ngazi. Wiki tatu zinapita halijapandishwa juu. Kila mmoja analikwepa akipita, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake naye analikwepa makusudi. Ray anafikia hatua ya kutia jibini ndani, ili harufu imshinde mkewe alibebe. Hata hasira zinapopoa, ugomvi mwingine unazuka: nani sasa alipandishe? Wanalivutania palepale ngazini. Tucker Cawley, aliyeandika sehemu hiyo, alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa uandishi mwaka 2003, na alistahili kabisa.

Tamthilia yenyewe ilirushwa na kituo cha televisheni cha CBS kuanzia Septemba 1996 hadi Mei 2005: misimu 9, sehemu 210, kila moja kama dakika 22. Ray Barone ni mwandishi wa habari za michezo anayeishi Lynbrook, kitongoji cha Long Island nje kidogo ya jiji la New York, pamoja na mkewe Debra, binti yao Ally na wavulana mapacha. Nyumba ya ng'ambo ya barabara ni ya wazazi wake, Frank na Marie. Kaka yake mkubwa, Robert, ni polisi ambaye hajawahi kumsamehe mdogo wake kwa kupendwa zaidi na mama.

Kwa nini haichuji? Philip Rosenthal, aliyeibuni, aliwataka waandishi wake walete chumba cha kazi yale waliyogombana nyumbani kwao, na aliepuka mizaha ya habari za siku. Ndiyo maana hakuna mwanasiasa aliyesahaulika wala simu ya kizamani ambayo lazima uielewe ndipo ucheke. Kuna kifungulia kopo kipya, kuna tosta ya Krismasi, kuna mama mkwe jikoni. Mwaka 2009 Warusi walianza kutengeneza toleo lao, Voroniny, wakaliendesha kwa miaka mingi.

Mtazame Marie kwa makini, hasa mlangoni. Haingii kama mgeni. Hana haja ya kubisha hodi, na mara nyingi mkononi ana chakula. Hamtukani mkaza mwana wake hata kidogo. Anamhurumia: maskini, amechoka, ndiyo maana nyumba iko hivi. Debra hana pa kushika, kwa sababu akijibu kwa ukali yeye ndiye atakayeonekana mkorofi, na mumewe anayepaswa kusema neno amekwisha kujificha nyuma ya sahani aliyoletewa na mama. Doris Roberts, aliyemwigiza Marie, alipata Emmy nne kwa nafasi hii. Msomaji yeyote aliyeolewa karibu na wakwe zake hahitaji kutafsiriwa macho yale.

Kasoro zipo. Msimu wa 1 unasuasua. Waandishi bado wanatafuta kipimo cha kila mhusika, na Robert hatumiki inavyostahili. Anza na msimu wa 2, kisha urudi nyuma ukishawazoea. Usitazame sehemu tano mfululizo pia, maana utaanza kuona mshono: Ray anadanganya kidogo, uongo unakua, mama anaingia, Debra anapiga kelele. Mbili kwa jioni zinatosha. Katika misimu ya mwisho Debra anafoka mapema mno, kabla kisa hakijampa sababu, na hapo vicheko vya watazamaji wa studioni vinaanza kukera.

Anayetafuta visa vya malezi atashangaa kuona watoto hawaonekani sana. Lakini wanapopewa nafasi, wanaitumia. Katika "Talk to Your Daughter" ya msimu wa 6, Ray amejiandaa kwa jasho kumweleza Ally watoto wanazaliwaje. Binti anauliza jambo jingine kabisa: kwa nini Mungu ametuweka duniani? Baba hana jibu, anashuka kwa watu wazima wenzake, nao hawana. Msimu huohuo, katika "The Angry Family", Michael, mmoja wa mapacha, anawasomea wazazi shuleni hadithi aliyoitunga kuhusu familia yenye hasira, na ukoo mzima unaanza kutafuta nani kati yao ndiye mkosaji. Sehemu hizi mbili zitazameni pamoja na watoto waliofikia umri wa kuuliza; baadhi ya nyingine zina mazungumzo ya chumbani ya mke na mume, kwa hiyo chagueni kwanza.

Ya mwisho iacheni iwe ya mwisho. Ray anafanyiwa upasuaji mdogo, na kwa sekunde chache muuguzi anasema hajazinduka. Studio nzima inanyamaza. Frank, aliyekaa misimu 9 bila neno laini kwa mwanawe, anasimama.