Tahadhari: Spacio ya "mwalimu" iliyonilia milioni 15

Ndugu zangu mnaotafuta gari la kwendea kazini, kuna dalali hapa Kampala amenimaliza, na bado yuko sokoni.

Mimi nakaa Bombo, kazi yangu iko Wandegeya. Teksi zilinichosha, nikasema nijinunulie Toyota Spacio ya 2003. Dashibodi ilisoma kilomita 89,000. Dalali akaniambia ni gari la mwalimu, linatoka Jumapili tu kwenda kanisani. Nilipofika kwenye uwanja wake wa magari injini ilikuwa ya moto tayari, eti alilisogeza kidogo kupisha gari lingine. Fundi naye alikuwepo "kwa bahati", akalisifu mpaka nikaona aibu kuuliza maswali. Halafu simu ya dalali ikalia: mnunuzi mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Nikalipa.

Wiki ya pili, kwenye foleni ya Bwaise, gia ikaanza kusita. Unaweka D, gari linawaza kwanza, kisha linaruka. Asubuhi likiwa baridi linafuka moshi wa buluu.

Fundi wangu wa Matugga hakufungua hata boneti. Alifungua mlango wa dereva, akabandua plastiki nyeusi kwenye fremu, chini yake stika ya Kijapani ya kubadilisha oili: kilomita 131,000. Yaani gari lilikuwa limezipita hizo 89,000 likiwa bado Japani! Na tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi, kwa hiyo Spacio ya 2003 iliingia mwaka huo au kabla. Imekula mashimo ya Uganda miaka yote hiyo. Hesabu ndogo tu, nami sikuipiga.

Kisha akazungusha ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini lazima iwake hapo, izimike injini ikishanguruma. Yangu haikuwaka kabisa. Walikuwa wameiua ili isiseme. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana kulipima ni sekunde tatu na halihitaji fundi.

Kwa hiyo nendeni asubuhi mapema, mwambieni muuzaji asiliwashe, mguse boneti kwa mkono kabla ya salamu kuisha. Fundi awe wenu, mmlipe wenyewe. Namba ya chesisi isomwe kwenye gari na kwenye logbuku (kadi ya umiliki wa gari) halisi, si kopi. Mimi niliambiwa halisi "iko kwa wakili", nikaisubiri wiki tatu. Na msikubali kulijaribu kwa kuzunguka uwanja tu, gia yangu ilisubiri foleni ndipo ikasema ukweli.

Juzi nimeona dalali yule anatangaza Toyota Wish, ukuta uleule wa matofali nyuma. Nikimpigia hapokei. Dada yangu alipompigia, alipokea mlio wa kwanza, akamwambia ni gari la mwalimu.