Seti ya ala za kufundishia watoto sauti inakotoka: kayamba hodari, maelekezo dhaifu

Seti hii, niliyoinunua Kariakoo kwa Sh 35,000 kwa ajili ya darasa la awali ninalolifundisha, ina kayamba, manyanga mawili, njuga, kengele ndogo ya shaba, filimbi ya plastiki na kitambaa cha kufunga macho. Watoto huketi duara, mmoja hufungwa macho katikati, mwenzake hutikisa ala, naye aliyefungwa huonyesha kwa kidole upande sauti inakotoka.

Kayamba ndilo lililonifanya nisijutie pesa yangu. Mchakacho wake ni mfupi na umechanganya sauti nene na nyembamba, kwa hiyo hata watoto wa miaka mitatu hulielekea bila kusita, ilhali kengele, ambayo mlio wake ni mmoja, mwembamba na wa kudumu, huwaacha wakinyoosha vidole huku na huko, hasa katika chumba chetu chenye sakafu ya vigae na mwangwi mwingi. Tulipohamia nje, chini ya mwembe, hata kengele ikawa na nafuu.

Kilichoniudhi ni karatasi ya maelekezo. Inaagiza mtoto asigeuze kichwa kabisa, na agizo hilo linaondoa nusu ya somo. Sauti ya kulia hulifikia sikio la kulia kwanza na kwa nguvu zaidi, na ubongo huutambua upande kwa tofauti hiyo, ingawa kwa muda haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini sauti iliyo mbele kabisa au nyuma kabisa hufika masikio yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo watoto wangu wengi hukosea. Wakiruhusiwa kugeuza shingo kidogo tu, hupata jibu. Isitoshe, karatasi haisemi lolote kuhusu mtoto ambaye kila mara huonyesha upande uleule, na huyo ndiye anayepaswa kupelekwa kupimwa masikio, maana huenda moja halisikii vizuri.

Filimbi nimeifungia kabatini: ni kali mno karibu na masikio ya watoto, na kuipitisha mdomo kwa mdomo ni kugawana mafua.

Kwa shule, bei inavumilika. Mzazi anayetaka kucheza na mwanawe nyumbani anaweza kuiacha dukani. Kopo la maziwa lenye mchele kidogo, mfuniko wake ukikazwa vizuri, litamtosha.