Bangi ya kupuliza mdomoni: miezi saba na dawa ya mume wangu

Nilitaka kuandika kuhusu dawa hii tangu chupa ya kwanza ilipoisha, nikasita. Wiki za mwanzo mtu husifia kitu kwa sababu tu ana matumaini. Sasa imepita miezi saba.

Mume wangu ana multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huigeukia ala inayofunika mishipa ya fahamu na kuishambulia. Huu ni mwaka wa tisa. Balaa lake kubwa ni misuli kukakamaa. Usiku miguu ilikuwa inabanana, goti juu ya goti, nami nimepiga magoti kitandani naitenganisha polepole ili nipenyeze mto katikati. Kumwogesha kulihitaji watu wawili, mmoja ashike mapaja, mwingine aoshe. Baklofeni, kidonge cha kulegeza misuli, alikuwa anameza, lakini kila dozi ilipoongezwa alilegea hadi kijiko kikamponyoka.

Dawa yenyewe imekamuliwa kutoka kwenye mmea wa bangi na inakuja katika kichupa cha kioo cha kahawia, mililita 10, chenye pampu juu. Kitaalamu inaitwa nabiksimoli. Kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC, ile kemikali inayolewesha, na miligramu 2.5 za CBD, ambayo hailewishi. Namba hizo mbili ndizo zinazonifanya niitetee. Kabla yake tulitumia bangi ya mitaani, silifichi hilo. Siku moja ilimlegeza akalala vizuri. Safari iliyofuata, kutoka kwa muuzaji yuleyule, alitetemeka na kushika mkono wangu hadi alfajiri akisema kuna mtu mlangoni. Nilishika simu nikairudisha mezani. Ningempigia daktari nimwambie nini, na kitu chenyewe ni kosa la jinai?

Matumizi yanataka subira. Chupa mpya inapulizwa kwanza mara mbili tatu kwenye karatasi laini mpaka itoe unyunyu sawasawa. Siku mbili za mwanzo ni mpulizo mmoja tu wa jioni, siku ya tatu miwili, siku ya tano unaongeza mmoja wa asubuhi, hivyohivyo hadi mgonjwa apate kiwango chake. Mwisho ni 12 kwa siku, na kati ya mmoja na mwingine zipite dakika 15. Yeye ametulia kwenye saba. Siku ya nane alitaka kuharakisha, akapuliza mitatu mfululizo, akapata kizunguzungu cha kushindwa kukaa wima. Safari hii nilimpigia mfamasia palepale, akaniambia nimlaze, nimpumzishe, na kesho yake turudi mipulizo miwili nyuma.

Ladha ni ya mnanaa juu na ukali wa pombe chini yake, kwa maana dawa imeyeyushwa humo. Inachoma. Mwezi wa pili shavu la kulia kwa ndani lilikuwa jekundu na lina kidonda, kwa sababu alipuliza palepale kila siku. Siku hizi tunazungusha, leo chini ya ulimi, kesho shavu la kushoto. Hilo tungeambiwa tangu mwanzo.

Matokeo? Daktari alimtaka ajipimie ukakamavu kutoka 0 hadi 10 kila jioni. Alianza na nane. Baada ya wiki nne alikuwa kwenye tano, na sharti la kuendelea ni angalau kupungua kwa asilimia 20. Asiyefikia hapo huachishwa. Si wote wanaofika. Katika jaribio moja kubwa la wagonjwa kama yeye, karibu nusu tu walifika. Hatembei, na uchovu uko palepale. Lakini wiki ya tatu nilimwogesha peke yangu. Niliweka mkono kati ya magoti nikitegemea kupambana nayo, yakafunguka. Tukatazamana tu, sabuni bado mkononi mwangu.

Naipa nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa ajili ya mdomo, na kwa sababu chupa ina mipulizo 90, ambayo kwake ni siku zisizofika 13. Aliyewahi kuugua maradhi ya akili ya kuona au kusikia visivyokuwepo asiiguse, na mtumiaji asiendeshe gari.

Kinachoniuma ni kalenda. Kanada iliisajili dawa hii mwaka 2005. Uingereza ikafuata mwaka 2010. Kwa hiyo siku mume wangu alipoanza kukakamaa ilikuwa tayari ipo duniani, na kwetu sheria ilikuwa bado haijairuhusu. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa 1961, ilikokaa pamoja na heroini, kwa kura 27 dhidi ya 25. Wanaosema kuruhusu bangi ya tiba kutafungulia watu wote mlango wa ulevi, naomba waje wasimame kando ya kitanda hiki saa tisa usiku. Mtu wangu anapimiwa, anaandikiwa, anafuatiliwa. Bila sheria hakuna aliyekuwa anampimia chochote.

Jana tumefungua chupa nyingine. Ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwenye friji, iliyofunguliwa inasimama wima kabatini, na nimeandika tarehe ubavuni kwa kalamu, ingawa siku 42 inazoruhusiwa hatutazifikia.