Spea za Landrova ya 1974 hadi Tanga: uzoefu wangu na klabu ya wenye magari

Landrova ya marehemu baba ni Series III (toleo la tatu) ya 1974, ile ndefu, 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Aliipata mnadani ikitoka shamba la mkonge huko Muheza. Alipofariki ikakaa miaka minne Makorora juu ya mawe, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Nilipoamua kuifufua, injini haikunisumbua. Ni ya petroli, lita 2.25, mafundi wazee wanaijua. Kazi ilikuwa breki na kutu. Watu wa bara huniuliza kutu gani wakati bodi ni aluminiamu. Kweli, bodi hailiwi, ila chesisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na dereva nao ni chuma, na hapa Tanga upepo wa bahari una chumvi. Kwa nje gari inang'aa. Ukiinua mkeka wa miguuni unaiona lami.

Silinda za breki za kwanza nilinunua mjini. Boksi zuri kabisa. Wiki ya pili zikaanza kuvuja. Ndipo nikajiunga na klabu moja ya Uingereza ya wenye Landrova za zamani, ada pauni 40 na kitu kwa mwaka.

Utaratibu wao unataka subira. Kiwanda hakikubali kuwasha mashine kwa vipande kumi, na kalibu ya kufyatulia ni ghali, kwa hiyo klabu hukusanya oda za wanachama, kila mtu anatanguliza sehemu ya malipo, halafu mnangoja. Mimi nilingoja miezi saba. Kabla ya hapo mhusika wa spea alinidai namba ya chesisi na picha ya drumu ya breki. Nilikasirika, nikaona ananizungusha. Kumbe drumu za 109 yangu ni inchi 11 na za ile fupi, 88, ni inchi 10. Ningeagiza kwa kubahatisha ningeletewa mzigo wa kuuza chuma chakavu.

Sahani za chuma za sakafu ya miguuni, nilizoagiza pamoja na silinda na mipira ya milango, zilikuja nene, matundu yote yamekaa mahali pake. Fundi wangu alizigeuza mara mbili akasema, "Hii kaipima mtu anayeijua gari." Silinda hazijavuja hadi leo. Mipira ya milango ndiyo aibu: miezi sita tu ya jua letu ikapasukapasuka kama mguu usiopakwa mafuta. Niliwaandikia, wakakiri kuwa mpira wa toleo lile haukuwa mzuri, wakanirudishia nusu ya pesa.

Bushi za springi sikuagiza. Ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, bei inakata maini. Nilizipeleka za zamani kwa mzee mmoja Ngamiani mwenye mashine ya kukereza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bushi tu hizi ndiyo ulitaka kuagiza Ulaya? Baba yako aliagiza wapi?"

Akanichongea za nailoni, siku moja zikawa tayari.

Jambo jingine: nati zake ni za inchi. Fundi wa Toyota akikujia na spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi, mzuie, atamaliza kona zote. Nunua seti yako uifungie.

Kwa vitu vya chuma naipa klabu nyota 5, kwa mpira 2. Sasa nawania chesisi mpya iliyochovywa kwenye zinki, Uingereza zinatengenezwa, lakini kuisafirisha peke yangu siwezi. Tuko wanne hapa Tanga tunajadili kuchangia kontena.

Mwezi uliopita nilipanda nayo milima ya Amani na mama. Wakati wa kushuka alishika dashibodi kwa mikono miwili kona tatu za mwanzo. Ya nne akaanza kuulizia bei ya viazi.