Mkopo wa korona na waraka wa babu: yaliyonipata benki

Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, na kila nikijaribu kulisimulia kwa utulivu hasira hunitangulia. Masharti ya mkopo wenyewe sitayaorodhesha. Ninalotaka lijulikane ni lile lililonipata asubuhi moja katika tawi la benki ambayo sitaitaja, nilipokwenda kuomba mkopo wenye dhamana ya serikali, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo walioangushwa na korona, nikarejea nyumbani na waraka wa nyumba yetu umechanika vipande viwili.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne katika mtaa wa Mkomani hapa Lamu. Ni nyumba ya mawe ya kale, yenye daka, baraza la kukalia, mlangoni, na zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani, ambayo babu mzaa baba alimwachia baba, na baba akatuachia sisi watoto wake. Ndugu zangu walikubaliana nikae humo na kuiendesha. Machi 13, 2020, ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya, nilikuwa na wageni watatu. Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa, na siku mbili baadaye kafyu ikaanza, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Wageni wangu walikuwa wameshavuka kwa mashua hadi uwanja wa ndege wa Manda, na daftari la wageni halikuandikwa jina jingine kwa miezi mingi. Ndege za kimataifa ziliruhusiwa tena Agosti 1, lakini kuruhusiwa kwa ndege ni jambo moja na kufika kwa wageni hadi mlangoni pako ni jambo jingine. Wafanyakazi wangu walikuwa wawili, mmoja wao ni mama anayelea watoto wanne peke yake. Kuwafukuza sikuweza, na kuwalipa sikuweza.

Mei 23 mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wenye thamani ya shilingi bilioni 53.7. Nilimsikiliza redioni nimekaa dakani, kalamu mkononi. Shilingi bilioni 2 zilikuwa za mikopo nafuu kwa hoteli na biashara zinazohusiana nazo kupitia Shirika la Fedha za Utalii, nami sikujiona humo, kwa kuwa vyumba vinne sikuvihesabu kuwa hoteli. Lakini zilitajwa pia bilioni 3 za kuanzisha dhamana ya mikopo ya biashara ndogo, nikasema moyoni, hili ni fungu langu. Serikali ilikuwa imeshapunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1, hatua zilizomfaa aliyekuwa bado anauza. Asiyeuza kitu, kodi ipunguzwe isipunguzwe, hana cha kupata. Mimi nilihitaji fedha mkononi, basi nikasubiri. Mpango wa dhamana ulizinduliwa Desemba ukiwa na benki saba, na katika miezi hiyo ya kusubiri niliuza bangili zangu mbili za dhahabu, moja kisha ya pili, ili watoto wa yule mama wapate unga na mafuta.

Ilinichukua muda kuelewa mpango wenyewe unavyokwenda. Benki inakopesha fedha zake. Serikali inaahidi kubeba sehemu ya hasara endapo mkopaji atashindwa kulipa, ili benki isimwogope mtu asiye na mali ya kuweka rehani. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa, na hivyo ndivyo nilivyoamini nilipotoka nyumbani asubuhi ile, mwanzoni mwa mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya Ramadhani ikiwa sikosei.

Ndani ya bahasha nilitia leseni ya kaunti, pini ya mamlaka ya kodi, KRA, taarifa za M-Pesa za mwaka mzima kabla ya korona, na waraka wa nyumba, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwa simu nije na kitu cha kuthibitisha kwamba nyumba ninamofanyia biashara ni yetu. Waraka huo ni karatasi nzito iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, umeandikwa kwa khati ya Kiarabu, una muhuri wa kadhi na majina ya mashahidi, na unataja mipaka ya nyumba kwa pande zake nne, kibla, suheli, matlai na magharibi, yaani kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kwa majina ya majirani wa zamani hizo. Umekunjwa mara tatu tangu kabla sijazaliwa, na mikunjo yake imekuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Baba alikuwa akiufungua kwa mikono miwili na kuulaza juu ya mto, nasi watoto tulikatazwa kupumua karibu yake.

Afisa wa mikopo aliyenipokea ni kijana wa umri wa kitindamimba wangu. Nilimsalimu, hakuitikia. Nilisimama mpaka nilipojikaribisha kiti mwenyewe. Kisha akasema, huku macho yake yakiwa kwenye simu, "Mama, leta karatasi." Nilimpa. Leseni aliipitia, taarifa za M-Pesa akazifunua kurasa mbili akaziacha, halafu akaushika waraka juu chini, muhuri ambao hukaa mwisho wa maandishi ukiwa juu, akautazama hivyo kwa muda.

"Hii ni kitu gani?"

"Ni waraka wa nyumba, mwanangu. Umeandikwa na kadhi."

"Hii si karatasi ya serikali, mama. Benki haisomi Kiarabu. Leta hatimiliki."

Nilimweleza kwa upole, na Mungu ni shahidi yangu kwamba ilikuwa kwa upole, kwamba Mahakama za Kadhi ni mahakama za nchi hii na Katiba ya mwaka 2010 inazitaja. Kwamba sikuuleta waraka ili niuweke rehani, niliuleta kuonyesha nyumba ni ya nani. Na kwamba kwa nilivyoelewa, dhamana ya serikali iliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi wasio na hatimiliki. Alitoa pumzi puani, kile kicheko kifupi cha mtu anayemwona mwenzake hajui kitu. "Dhamana ya serikali ni ya serikali," alisema. "Benki nayo inataka yake." Kisha akaanza kuukunja waraka ili aurudishe kwenye bahasha, na akaukunja kinyume.

Nilimwambia, "Mwanangu, ukunje kwa mikunjo yake." Hakuinua macho. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mkunjo mpya alioutia yeye, akaukandamiza kama mtu anayekunja risiti ya duka, nami nikasikia ukichanika. Ulichanika kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kwenye mstari unaotaja mpaka wa suheli. Alivitia vipande vyote viwili ndani ya bahasha, akanisukumizia bahasha juu ya meza, akasema, "Utaweka gundi," halafu akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba ile ni karatasi tu. Mtu wa Lamu hasemi hivyo. Nyumba nyingi za mji huu zinakaliwa kwa mirathi na kwa wakfu, na wenyewe hawana hatimiliki za kuonyesha. Walicho nacho ni nyaraka kama ule wetu, na ushahidi wa majirani. Kwa ajili ya nyumba hizi mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wageni wanavuka bahari kuja kuzitazama, na mwenye nyumba akienda benki anaambiwa hana kitu. Suala la hatimiliki Pwani ni donda la miaka mingi, linajulikana Nairobi na linajulikana Mombasa. Aliyetunga mpango wa kuwaokoa wafanyabiashara wadogo alipaswa kulifikiria kabla ya jingine lolote, na kama alilifikiria, basi fikira yake haikufika kwenye ile meza niliyokaa mimi.

Hapo ndipo nilipokusudia kuishia. Lakini sitakuwa mkweli nikinyamaza juu ya yaliyofuata.

Nilikuwa nimesimama nje, barakoa imelowa machozi, binti mmoja wa kaunta ya pembeni alipotoka akinifuata. Alipokea bahasha kwa mikono miwili. "Shikamoo, bibi," alisema. "Nisamehe. Nimeona." Hakuwa yeye mwenye kosa na bado aliomba msamaha, jambo ambalo mwenye kosa hajalifanya hadi leo. Aliniambia nirudi siku nyingine nimwulize yeye, na niliporudi, baada ya siku kadhaa za kujizuia, alifungua faili upya, akazisoma taarifa za M-Pesa ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza msimu wa wageni huanza lini na vyumba hujaa kwa kiasi gani wakati wa Maulidi, maswali ambayo yule kijana hakuwa na haja nayo. Walitaka wadhamini wawili, nikawapata. Jibu lilichukua miezi miwili hivi, na fedha zilizotoka hazikufika nusu ya nilizoomba.

Hata hivyo zilitoka. Nilibadilisha makuti ya paa la juu, ambayo yalikuwa yameanza kuvuja, nikalipa deni la umeme, na nikawalipa wafanyakazi wangu malimbikizo ya mishahara, yule mama akahesabu noti zake mara mbili pale pale jikoni bila kusema neno. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 20, 2021 na wageni wakaanza kuja tena mwisho wa mwaka ule, walikuta nyumba safi na paa halivuji. Ningekuwa mwongo nikisema mkopo ule haukunisaidia. Bila huo, mlango wa nyumba yetu ungekuwa na kufuli.

Lipo jingine linaloniuma, nalo ni la riba, ambayo dini yetu imeikataza. Kenya ina benki kamili za Kiislamu tangu mwaka 2008, kwa hiyo mkopo wa kufuata sharia si kitu kigeni nchini, na nilipouliza kama upo kwa mpango huu niliambiwa tawi lile halina. Mji kama Lamu, wenye Waislamu kiasi hiki, ukapelekewa msaada wa wakati wa maradhi ambao muumini hawezi kuushika bila kujiuliza maswali usiku. Nilikwenda kwa ami yangu, msomi wa dini, nikamweleza hali yangu yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nilipe upesi na nisirudie. Nimelipa, mwezi kwa mwezi, nikaumaliza kabla ya muda.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na neno moja kwa anayefikiria mikopo ya namna hii: asikaribie. Sasa nimeandika yote na siwezi kulisema kwa moyo mzima. Mwenye biashara iliyolala na watu wanaomtegemea, aende. Aulize kwanza nani katika tawi lile anajua kusikiliza, na asibebe waraka wa asili hata akiambiwa ni lazima. Apitie Mahakama ya Kadhi apate nakala na tafsiri iliyothibitishwa, aende na hizo. Mimi sikumpata wa kuniambia hayo. Na ningejua kwamba gharama ya makuti yale ni kuuona waraka aliotuachia baba unadharauliwa mbele ya foleni ya watu, wallahi ningeuza na vitanda.

Barua ya malalamiko niliipeleka mwenyewe kwa mkono. Sikudai fidia. Niliomba kijana yule aje nyumbani aombe radhi mbele ya ndugu zangu, kwa kuwa waraka ni wetu sote. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na nakala yake ninayo. Hajaja mtu. Waraka nimeupeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza misahafu ya kale, ameuunganisha kwa karatasi nyembamba kutoka nyuma, kazi nzuri sana, na mstari wa suheli sasa unasomeka wote isipokuwa neno moja. Neno hilo ni jina la jirani, na ndugu zangu hawajakubaliana lilikuwa jina la nani.