Laptopu "mpya" iliyoshafanya kazi masaa 7,912, na nilivyokomaa mpaka hela ikarudi

Nyota moja. Na hiyo moja naitoa kwa ajili ya yule dada wa malipo ambae hakunidanganya hata mara moja, wengine wote pale dukani ni sifuri kavu. Jina la duka silitaji, nilichokuwa nadai ni hela yangu na nimeipata, ila walioshanunua pale wakisoma watalijua.

Nilikuwa natafuta laptopu ya kazi, nikaulizia WhatsApp, wakaniandikia hivi: "mpya kabisa, ya boksi, waranti mwaka mmoja". Hiyo meseji iweke akilini, itarudi baadae. Nikaenda, nikaletewa boksi limefungwa vizuri, nikalipa kwa kadi, nikapewa kirisiti kimeandikwa "laptop 1" basi, hakuna modeli wala namba ya siriali wala nini, na mi nikakipokea nikashukuru. Yaani nilitoka pale nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikaanza kubandua ile nailoni ya juu ya mfuniko nikakuta unywele. Mfupi, mweupe, umelala katikati ya nailoni na mfuniko kabisa. Nikajiambia aah labda wa kiwandani. Si unajua mtu ukishalipa akili yako mwenyewe inageuka kuwa wakili wa aliyekuuzia. Afu nikaona herufi A na ile batani ndefu ya chini zinang'aa kuliko zenzake, kama mtu amezipaka mafuta. Nikaigeuza chini. Skrubu nane, saba nyeusi moja ya rangi ya fedha, na hizo nyeusi vichwa vimechubuka. Hapo wakili wangu akakaa kimya.

Sasa sikilizeni nilichofanya maana hiki ndo kilichoniokoa, kelele hazikunisaidia kitu (nilipiga pia, ntawaambia). Kwenye Windows ukifungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri (inaitwa Command Prompt) ukaandika powercfg /batteryreport inakutengenezea ripoti ya betri, inakwambia imeiweka kwenye faili gani unaifungua kama ukurasa wa intaneti. Humo kuna uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo wake wa leo ikijaa. Yangu ilitoka na mWh 50,000 (kipimo cha umeme inaobeba), leo inafika 33,900. Betri mpya haikosi karibu theluthi nzima jamani. Chini yake kuna sehemu imeandikwa Cycle Count, yaani imeshachajiwa na kuisha mizunguko mingapi, yangu ilikuwa 417. Nimechaji mimi mara moja! Kuna laptopu nyingine hiyo sehemu inatoka tupu, usipanikie, angalia zile namba mbili za juu.

Cha kuchekesha walikuwa wameifuta wakaweka Windows upya, kwa hiyo historia ya matumizi ilianzia siku ile ile, safi kama malaika. Ila betri ina kumbukumbu yake yenyewe, haifutwi na kuweka Windows upya. Na diski hivo hivo. Nikashusha programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inasoma diski imewashwa kwa masaa mangapi tangu izaliwe, hata uiformati mara kumi hesabu inabaki. 7,912. Piga masaa nane kwa siku unapata siku 989 za kazi, ukitoa wikendi, yaani kuna mtu kaajiriwa na hiyo mashine, kafanya kazi miaka zaidi ya mitatu, pengine kapandishwa cheo akaacha kazi, ndo mi naletewa "mpya kabisa". Mwisho nikachukua namba ya siriali, sio ile ya stika ya boksi, ile inayoonekana kwenye BIOS (menyu ya ndani ya mashine, unaifungua kabla Windows haijawaka), maana hizo mbili hazikufanana (hiyo peke yake inatosha kukwambia boksi ni la mwenzake), nikaiweka kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Waranti imeisha. Ilianza kuhesabiwa miaka minne nyuma.

Niseme wazi sina tatizo na laptopu ya mtumba, mbili nilizokuwa nazo kabla zote zilikuwa za mtumba na zilinitumikia vizuri. Ya mtumba uniuzie kwa jina lake na bei yake. Hapa nimelipishwa bei ya mpya.

Mara ya kwanza kurudi nilienda na hasira bila karatasi, na hapo ndo nilikosea. Nikaanza kuongea juu juu, sauti inatetemeka, na yule kijana muuzaji akaniangalia kwa huruma ya uongo: "Mrembo, hiyo ilikuwa ya maonyesho tu, ndo maana imeguswa guswa." Masaa elfu saba ya maonyesho! Nikasema nataka hela yangu, akanyoosha kidole ukutani kwenye bango "BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI". Afu akaja na ile ya siku zote: "Iache basi hapa fundi aiangalie, njoo keshokutwa." Nashukuru Mungu nilikumbatia boksi langu nikatoka nalo, maana ukishaiacha umekwisha. Ushahidi wote uko ndani ya hiyo mashine, fundi akibadili betri na diski utabaki unabishana na hewa. Kama ni lazima uiache, piga picha kila upande, piga picha zile ripoti na siriali ikionekana, na waandike kwenye karatasi wamepokea nini, ikiwa katika hali gani, tarehe ngapi.

Nikalala na ile mrembo inanichoma kuliko hata hela.

Kuhusu lile bango. Nimekuja kujua kwamba nchi nyingi zenye sheria za kumlinda mnunuzi, bango la ukutani halifuti haki yako ya kupewa kitu kinachofanana na ulichoambiwa. Bango linaweza kukuzuia ukirudisha kitu kizima kwa sababu umebadili mawazo au rangi haikupendezi. Ila kama umeambiwa mpya ukapewa kuukuu, hujabadili mawazo, umetapeliwa. Ni vitu viwili tofauti na wauzaji wanapenda sana kuvichanganya. Soma sheria ya nchi yako inasemaje na ni siku ngapi umepewa, maana siku ndo zinawaponza wengi, mtu anazungushwa njoo kesho njoo Jumatatu mpaka muda unapita.

Na kadi. Kama umelipa kwa kadi una mlango mwingine, unaenda benki yako unafungua pingamizi la malipo kwa sababu bidhaa siyo iliyoelezwa. Kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kawaida ni siku 120, ila benki yako inaweza kuwa na masharti yake kwa hiyo usisubiri uone. Na kitu cha kwanza watakachokuuliza ni hiki: ulishajaribu kumalizana na muuzaji? Onyesha. Kwa hiyo meseji na barua unazomwandikia muuzaji sio mapambo. Uliyelipa keshi pole, huo mlango huna, utategemea risiti na mamlaka ya kulinda walaji ya kwenu.

Mara ya pili nikaenda siku ya pili yake, mapema, duka likiwa na watu. Nimevaa vizuri, nimekunywa chai, nimejiambia leo sipandishi sauti hata wakinitukana. Nilikuwa na bahasha. Ndani yake meseji yao ya "mpya kabisa" nimeichapisha, ripoti ya betri, picha ya yale masaa ya diski, ukurasa wa waranti, taarifa ya benki ya malipo, na barua fupi ya nusu ukurasa: nimenunua tarehe fulani, mliniambia hivi, nimekuta hivi, nataka hela yote irudi kwenye kadi ndani ya siku saba, la sivyo napeleka pingamizi benki na malalamiko kwa mamlaka. Nakala mbili, moja yao moja yangu ya kusainiwa.

Kijana akaiona bahasha. "Karibu dada." Nimeshakuwa dada.

Nikaziweka karatasi kaunta moja moja, kama mtu anayegawa karata. Hakugusa hata moja. Kusaini akakataa, sawa, nikapiga picha barua ikiwa juu ya kaunta yao na hapo hapo nikaituma kwenye WhatsApp yao ile ile, tiki mbili za bluu zikatokea nikiwa nimesimama mbele yake. Saini gani tena. Akaanza kushusha ofa kama mnadani, kwanza tukubadilishie betri, afu chukua nyingine ya hapa hapa, afu tukurudishie lakini tunakata hela ya usumbufu. Ya usumbufu! Kila ofa nilikuwa najibu sentensi moja tu, "Hapana kaka, nataka hela yangu yote irudi kwenye kadi." Niliirudia labda mara saba. Mara ya tatu unajiona mjinga, unajiona mkorofi, unatamani ukubali tu hiyo nusu uondoke, na wao wanalijua hilo, ndo maana wanavuta muda. Mara ya tano nikaona yeye ndo anatoka jasho.

Akajaribu na "twende ofisini tukaongee vizuri". Nikamwambia hapa hapa panatosha. Huko ndani mtakuwa wanne na mimi peke yangu, hapa kaunta kuna macho. Na macho ndo yalifanya kazi, maana pembeni yangu kulikuwa na kijana mwingine kashika boksi, kadi iko mkononi tayari, alikuwa anasoma ile ripoti yangu ya betri kwa jicho la wizi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani dada, hiyo amri inaandikwaje?" Nikamwandikia nyuma ya bahasha. Akamgeukia muuzaji: "Naomba tuiwashe hii yangu kwanza kabla sijalipa."

Sijui yake ilitoka namba ngapi, maana kabla haijawaka meneja alikuwa ameshatokea. "Madamu, kuna changamoto gani?" Kutoka mrembo mpaka madamu masaa ishirini na nne, nimepanda vyeo haraka.

Meneja alisoma karatasi zote, hilo nampa. Akajaribu kusema wao pia walitapeliwa na aliyewaletea mzigo. Inawezekana kabisa, lakini mimi nilimlipa yeye, huyo wa mzigo simjui, wakadaiane wenyewe. Akamwita dada wa malipo amuulize kama muamala unaweza kurudishwa, na nadhani alitegemea aambiwe haiwezekani. Dada akajibu bila hata kumwangalia usoni, "Inawezekana bosi, juzi tumemrudishia mwingine." Kimya. JUZI TUMEMRUDISHIA MWINGINE. Ndo hiyo nyota moja.

Laptopu sikuikabidhi mpaka kile kirisiti cha kurudisha muamala kimetoka mashineni na kimeandikwa kiasi kamili. Hela ilichelewa siku sita kuonekana kwenye akaunti, benki wakasema ni kawaida. Siku hizo sita sikulala vizuri, sitadanganya.

Kwa mnaotaka kununua pale hata hivyo, maana najua duka liko njiani na madirisha ya kioo yanavutia: chaja zao ni nzuri, nilinunua moja mwaka jana bado inadunda, na mausi pia sijasikia malalamiko. Laptopu, simu, kitu chochote chenye betri ndani, iwashwe mbele yako kabla kadi haijaingia kwenye mashine, na wakikwambia haiwezi kufunguliwa mpaka ulipe basi umeshapata jibu lako. Risiti iandikwe neno MPYA, modeli na siriali. Wakigoma kuandika neno mpya, muulize mbona kusema ni rahisi.

Nimeongeza: jana wamenitumia meseji eti nikifuta malalamiko niliyowaandikia watanipa begi la laptopu bure. Nikawauliza, jipya?

Hawajajibu mpaka saivi, tiki za bluu zipo.