Njumu za Barafu za Kuvalia Juu ya Buti: Zinafaa Theluji Inapoyeyuka?

Watu wengi hununua njumu za barafu mwezi wa Desemba na kuzitundika ifikapo Machi, kwa kudhani kwamba jua likishaanza kuchoma theluji, utelezi umekwisha. Katika milima ya New Hampshire, nchini Marekani, mambo huwa kinyume: mwanzoni mwa Aprili ndipo kifaa hiki kinapostahili bei yake, na ndipo pia kasoro zake zinapojitokeza. Jozi niliyoitumia ni ya aina ya kawaida, yaani utepe mzito wa mpira unaovutwa juu ya buti, ukiwa na minyororo ya chuma chini yake na meno yenye urefu wa sentimeta 1 hivi.

Nilizijaribu Mount Monadnock, mlima wenye kimo cha mita 965, kwa kufuata njia ya White Dot, ambayo ni fupi, kama kilomita 3 hadi kileleni, lakini ina mwinuko mkali. Theluji iliyokanyagwa na wapandaji majira yote ya baridi hushindiliwa na kuchelewa kuyeyuka kuliko ile ya kandokando, hivyo katikati ya njia hubaki tuta jembamba la barafu huku pembeni kukiwa tayari na matope. Mchana maji hutiririka juu ya tuta hilo, usiku huganda, na asubuhi mpandaji hukuta barafu angavu ambayo soli ya buti, hata ikiwa mpya, haiwezi kuishika. Hapo njumu hizi hazina mpinzani: kila hatua meno yaliingia kwa mlio mkavu, nami nikapanda wima mahali ambapo wenzangu wasio nazo walitambaa wakishikilia matawi.

Kufikia saa tano asubuhi hali ilibadilika. Theluji ililainika ikaanza kunata, madonge yakajikusanya kati ya minyororo hadi meno yakawa hayagusi chini, na ikabidi nigonge buti kwa fimbo kila baada ya hatua chache. Wala hazimzuii mtu kuzama. Tuta likishalegea, mguu hutumbukia hadi gotini. Juu zaidi mwamba wa aina ya shisti uko wazi, na hapo ni lazima kuzivua, kwa sababu chuma huteleza juu ya jiwe tupu na meno huwa butu upesi. Kuzivaa na kuzivua mara kwa mara kwa vidole vilivyokufa ganzi ni adha kubwa, ingawa kishikio cha kisiginoni ni kipana na husaidia. (Zijaribu dukani ukiwa umevaa buti zako za baridi, zikipwaya kidogo tu, huhamia upande unapokata mteremko.)

Kwa njia za kawaida zenye barafu ya asubuhi nazipendekeza bila kusita. Kwa Tuckerman Ravine, bonde lenye kuta kali katika Mount Washington wenye mita 1,917, sizipendekezi kabisa: huko kunahitajika kramponi (vyuma vigumu vya kufungwa chini ya buti) zenye meno marefu, shoka la barafu na ujuzi wa kuvitumia, na majira haya mapande ya barafu huporomoka kutoka kwenye genge. Muuzaji akikuambia njumu zinatosha huko, tafuta duka jingine.